Beki Naye ni Mtoto wa Mtu

Tarehe 26 Aprili, 2018 ilikuwa siku ya Alhamisi. Hapa nyumbani wananchi walikuwa wakiadhimisha Sikukuu ya Muungano. Mimi nilikuwa mbali, katika jiji la Chicago, nyumbani kwa dada yangu mkubwa ambaye ameishi Marekani miaka mingi pamoja na mumewe. Nilichukua likizo yangu ili nikamwone, kwani tangu tulipomzika baba yetu kule Tanga, miaka minne nyuma, hatukuwa tumeonana. Dada alipika pilau, akasema Muungano hauwezi kupita hivi hivi ati kwa sababu mtu yuko ugenini. Jioni wageni watatu wakabisha hodi, na kila mmoja wao alikuwa amevaa fulana ya buluu iliyokoza yenye maandishi ya rangi ya machungwa. Pilau waliila na kuisifu, lakini hawakuja kwa ajili ya Muungano. Walikuja kuchagua beki.

Yanipasa kwanza nimweleze msomaji mambo yalivyo, maana hata mimi usiku ule ilibidi nieleweshwe kama mtoto wa darasa la kwanza. Mpira ninaousema si kandanda yetu. Ni mpira wa Kimarekani, unaochezwa kwa gozi lililochongoka pande mbili, ambalo wachezaji hulikumbatia na kulirusha kwa mikono zaidi ya wanavyolipiga kwa miguu. Kila upande huwa na watu 11 uwanjani, wamevaa kofia ngumu na mito ya kukinga mabega. Timu inaposhambulia huingiza kikosi chake cha kushambulia. Mpira ukienda kwa wapinzani, kikosi hicho hutoka na mabeki huingia. Hivyo mtu aweza kucheza miaka 10 na kazi yake ikawa moja tu, nayo ni kumzuia na kumwangusha mwenye mpira. Humwangusha kwa mikono, kwa bega, kwa kifua, na ingawa sheria inakataza, mara nyingine kwa kichwa.

Vijana wa kazi hiyo hupatikana kwa utaratibu ambao wenyewe huuita drafti. Msomaji asidhani ni ile drafti ya vizibo tunayoicheza barazani. Ligi yao kuu ina timu 32, na kila mwaka ifikapo mwishoni mwa Aprili timu hizo hugawana vijana wanaotoka vyuo vikuu, kwa mizunguko saba. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo hutangulia kuchagua, na bingwa huwa wa mwisho, isipokuwa pale timu zinapokuwa zimebadilishana zamu. Mwaka ule timu ya Cleveland, iliyokuwa imefungwa michezo yake yote 16 ya msimu wa 2017, ndiyo iliyofungua pazia. Timu ya wageni wetu, Chicago Bears, yaani Dubu wa Chicago, ilikuwa imeshinda michezo mitano na kufungwa 11; ikapata zamu ya nane.

Nilistaajabu kusikia hayo. Katika nchi ambayo mambo mengi huachiwa mwenye nacho, nilikuta kwenye mpira kanuni ya kwamba aliye nyuma asaidiwe kwanza. Shemeji yangu, mtu wa Kigoma ambaye kazi yake ni kuendesha basi la abiria, alitikisa kichwa.

"Shemeji, usifurahi mapema," aliniambia. "Wanaogawana kwa haki ni wenye timu. Kijana mwenyewe haulizwi. Akichaguliwa na Cleveland, atakwenda Cleveland. Akichaguliwa na Buffalo, atakwenda kwenye theluji ya Buffalo."

Kisha akanisimulia habari za uteuzi wa kwanza kabisa, uliofanyika Philadelphia mwaka 1936. Kijana aliyetajwa kabla ya wengine wote, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, alichaguliwa na timu ya Philadelphia, nayo ikamhamishia kwa Bears. Hawakuelewana naye juu ya malipo, na hakucheza ligi hiyo hata siku moja. Alikwenda zake kutafuta kazi nyingine. Wageni walicheka sana kusikia kisa hicho ambacho bila shaka walikuwa wamekwisha kukisikia mara nyingi.

Mjadala ulianza kabla hata viatu havijavuliwa. Mgeni wa kwanza alikuwa mzee mmoja Mmarekani Mweusi, jirani wa dada, mstaafu aliyewahi kuendesha mabasi pamoja na shemeji. Wa pili alikuwa mkewe, mama mnene mwenye sauti ya upole ambaye, kama nilivyokuja kutambua, aliujua mpira ule kuliko wote. Wa tatu alikuwa kijana fundi umeme, mtu wa mtaa wa pili. Wote watatu walikubaliana kwamba timu yao ilihitaji beki. Ni beki yupi, hapo ndipo kila mtu aliposhika lake.

Mzee alimtaka Roquan Smith, kijana wa Georgia, beki anayesimama katikati nyuma ya mstari wa mbele, mahali ambapo mtu huuona uwanja mzima na kuwapanga wenzake. Hoja yake ilikuwa ya historia. Alisema Chicago si mji wa washambuliaji. Ni mji wa mabeki wa nafasi hiyo hiyo. Akahesabu kwa vidole: Dick Butkus, mzaliwa wa mji huo huo, aliyechaguliwa mwaka 1965, Mike Singletary, aliyechaguliwa mwaka 1981, na Brian Urlacher, aliyechaguliwa mwaka 2000. Tena Smith alikuwa ametoka kushinda tuzo ya beki bora wa nafasi hiyo katika vyuo vikuu kwa mwaka 2017, tuzo ambayo ina jina la Butkus mwenyewe. "Mnataka ishara gani tena?" aliuliza.

Fundi umeme alisema ishara hazimwangushi mtu. Smith ni mfupi na mwepesi mno kwa kazi hiyo, kimo chake futi 6 na inchi 1 tu. Yeye alimtaka Bradley Chubb, beki wa mstari wa mbele, ambaye kazi yake ni kumkimbilia mrusha mpira kabla hajaurusha. Kama Chubb angechukuliwa na wengine, basi achukuliwe Tremaine Edmunds, pande la mtu lenye futi 6 na inchi 5, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 20 na huenda alikuwa bado anakua.

"Singletary naye walimwona mfupi," Mzee alimjibu, "ndiyo maana akasubiri mpaka mzunguko wa pili."

Yule mama alitabasamu. Yeye alimtaka Minkah Fitzpatrick wa Alabama, beki wa nyuma. Alisema mpira wa siku hizi ni wa kurusha, na mtu akijenga ukuta mbele huku amesahau mlango wa uani, mwizi atapita uani. Halafu akawakumbusha jambo moja lililowanyamazisha. Mwaka 1983 timu yao ilimchagua Richard Dent akiwa mtu wa 203. Timu zote zilimpita, na nyingine zikampita mara saba. Tarehe 26 Januari, 1986 Bears ilipotwaa ubingwa kwa kuifunga New England pointi 46 kwa 10, aliyetajwa kuwa mchezaji bora wa siku hiyo ni huyo huyo Dent. "Basi nasi tunaopiga kelele hapa," alisema, "tunajua nini?"

Niliwasikiliza, na nikakiri moyoni kwamba nilikuwa nimefika nyumbani. Ingekuwa badala ya sofa ni benchi, na badala ya soda ni kahawa chungu na kashata, ningeapa niko barazani Ngamiani nikiwasikiliza wazee wakigombana juu ya usajili.

Mabeki nilikuwa nawajua pia kwa sababu nyingine. Marehemu baba yetu alikuwa beki. Miaka ya sabini aliichezea timu ya wafanyakazi pale Tanga, na katika utoto wangu hakukuwa na hadithi niliyoipenda kama ile ya mshambuliaji mmoja wa Dar es Salaam ambaye Baba, kwa maneno yake, alimtia mfukoni kwa dakika 90. Alikuwa na msemo wake: "Mshambuliaji huhesabiwa mabao aliyofunga. Beki huhesabiwa aliyoyaachia." Goti lake la kushoto liliharibikia uwanjani, na tangu hapo hakucheza tena. Mimi nilizaliwa baadaye. Goti hilo nililijua kama mtoto anavyolijua jeraha la shujaa.

Sasa msomaji afahamu kwamba katika sebule ile alikuwapo pia mtu wa sita, aliyekaa sakafuni karibu kabisa na televisheni. Huyo ni mpwa wangu, ambaye mwaka ule alikuwa na umri wa miaka 14. Baada ya likizo ya kiangazi angeingia shule ya sekondari, na shule hiyo ilikuwa na timu. Kijana alitaka kucheza beki. Fomu ya idhini ya mzazi ilikuwa juu ya friji, imebanwa kwa kisumaku, na ilikuwa imekaa hapo wiki mbili bila sahihi. Baba yake aliridhia, lakini hakutaka kutia sahihi mama asipotaka. "Nyumba hii ina waziri wake wa afya," alisema, maana dada yangu ni muuguzi.

Kabla ya zamu ya nane, kijana alinifuata nilipotoka kwenda kuvuta hewa ngazini. Aliniamkia upya ingawa tulikuwa pamoja tangu asubuhi, nikajua hapo pana shida.

"Mjomba," alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "sema na Mama. Wewe akikwambia hapana, hawezi."

Alitaka kusema kwamba mimi nikisema ndiyo, mama hataweza kukataa. Na kwa desturi yetu hakukosea sana. Kwetu neno la mjomba juu ya mtoto wa dada yake si dogo. Nilimwambia nitaona. Kwa kweli niliona fahari, nami sikuuliza fahari hiyo inatoka wapi.

Tuliporudi ndani, mkuu wa ligi alikuwa amesimama jukwaani huko Texas, ulikofanyika uteuzi wa mwaka ule, akizomewa na watazamaji kama ilivyo desturi yao kila mwaka. Chubb alikuwa amekwisha kwenda Denver katika zamu ya tano, na fundi umeme alikuwa amejifunika uso kwa mto wa sofa. Zamu ya nane ilipotangazwa, lilitajwa jina la Roquan Smith. Mzee, ambaye alipanda ngazi zetu kwa kusaidiwa, alisimama peke yake bila kushikwa. Alimkumbatia mkewe, akamkumbatia shemeji, akanikumbatia na mimi nisiyejua kitu. Mpwa wangu aliruka akagonga glasi. Nami nilishangilia, kwani furaha ya watu ni kama moto wa kifuu. Haumwulizi mtu kabila.

Dada aliingia na sinia la pilau, akatuangalia tulivyokuwa, hakusema neno.

Tulikula. Televisheni iliendelea. Katika zamu ya 16 alitajwa Tremaine Edmunds, akachukuliwa na Buffalo, na fundi umeme akasema tutalijutia jambo hilo. Saa zikaenda. Katika zamu ya 28 timu ya Pittsburgh ikamtaja Terrell Edmunds, beki wa nyuma, kaka yake Tremaine. Watangazaji wakapandwa na wazimu, kwani ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya uteuzi huo kwa ndugu wawili kuchaguliwa katika mzunguko wa kwanza wa mwaka mmoja. Mzee alisema hiyo ni baraka kubwa kwa nyumba moja.

"Mama yao atalala?" Dada aliuliza.

Aliuliza kwa Kiingereza, ili wote wamwelewe. Shemeji akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Dada hakucheka. Akamgeukia Mzee kwa adabu, kama tunavyowageukia wazee, akamwuliza, "Na Dave Duerson, naye mlimshangilia hivi siku alipochaguliwa?"

Sebule ilitulia. Nami baadaye nilisoma habari zake, nikafahamu kwa nini. Duerson alikuwa beki wa nyuma. Alichaguliwa na Bears mwaka 1983, mwaka ule ule wa Dent, na alikuwamo katika kikosi kilichotwaa ubingwa Januari 1986. Mwezi Februari 2011, akiwa na umri wa miaka 50, alijitoa uhai. Aliacha ujumbe akiomba ubongo wake upelekwe kwa wataalamu wakauchunguze. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston walipouchunguza, waliukuta na ule ugonjwa unaoharibu ubongo kidogo kidogo, unaotokana na kugongwa kichwa mara nyingi kwa miaka mingi. Aliyeutambua ugonjwa huo kwa mara ya kwanza katika ubongo wa mchezaji wa mpira huo ni mwana wa Afrika, Daktari Bennet Omalu, Mnigeria, alipoupima ubongo wa Mike Webster wa Pittsburgh, aliyefariki mwaka 2002. Wakubwa wa ligi walimpinga kwa miaka mingi. Ilikuwa mwaka 2016 ambapo afisa mmoja wa ligi alikiri mbele ya kamati ya wabunge wa Marekani kwamba mchezo na ugonjwa huo vina uhusiano.

Mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Tulimshangilia, binti yangu. Tulimshangilia sana." Hakuongeza neno. Mkewe ndiye aliyenyanyuka kumsaidia Dada kukusanya vyombo.

Wageni walipoondoka nilimfuata Dada jikoni. Nilichukua kitambaa nikawa nakausha sahani, na nikaianza kazi niliyotumwa. Nilisema mtoto wa kiume hafugwi kama kuku. Nilisema siku hizi kofia ni bora, waamuzi ni wakali, na kugonga kwa kichwa kumekatazwa. Nilipoona hanijibu, nikamtaja Baba. Nilisema Baba alikuwa beki, na kama si beki, tusingekuwa na hadithi hata moja.

Dada alifunga bomba la maji.

"Mdogo wangu," alisema, "wewe beki umemjua kwa hadithi. Mimi nilikuwa na miaka minane. Ndiye niliyekuwa nikipasha maji ya chumvi kila mvua ikinyesha. Ndiye niliyekuwa nikimshika mkono kwenda chooni, kwa sababu hakuweza kuchuchumaa peke yake, na hakutaka Mama amwone. Je, hayo alikusimulia?"

Hakunisimulia. Katika miaka yote ile hakunisimulia.

Mtu mwenye busara angenyamaza hapo. Mimi nilikuwa nimekwisha kumwahidi kijana, na niliona haya kurudi mikono mitupu. Nikasema, "Mwache acheze mwaka mmoja tu, Dada. Akiumia, aache." Maneno hayo yalinitoka kwa urahisi sana. Siku ya pili asubuhi fomu haikuwa tena juu ya friji. Dada alikuwa ametia sahihi. Kijana alinibeba juu juu kwa furaha, nami nilirudi Dar es Salaam nikiwa mjomba wa kupigiwa mfano.

Mwaka mmoja ukawa miwili, kama ilivyo kawaida ya mambo hayo. Alicheza vizuri. Shemeji alinitumia picha zake, kijana mrefu mwenye kofia ngumu, ambaye nisingemtambua lau si kwa miguu, maana alikuwa amerithi miguu ya Baba, miguu ya matege. Picha moja niliionyesha ofisini kwa kila mtu.

Mwezi Oktoba 2019, alfajiri, simu ilinigutusha. Alikuwa Dada, naye alikuwa katika hospitali, lakini siku hiyo hakuwa kazini. Kijana alikuwa ameingia kumzuia mwenzake aliyekuja kwa kasi, vichwa vikakutana, naye akalala uwanjani. Aliamka, akatembea, akaongea. Ila alikuwa haelewi siku.

"Ameniuliza mara nne kama wameshinda," Dada alisema. "Nami nimemjibu mara nne."

Madaktari walisema ni mtikisiko wa ubongo. Alikaa nyumbani majuma kadhaa. Mwanga wa dirisha ulimuumiza, kusoma kulimpa kichefuchefu, na sauti ya televisheni haikuvumilika. Ashukuriwe Mungu, alipona. Hakurudi tena uwanjani. Nilipompigia Dada kumwomba radhi, alinikatiza. "Si wewe uliyemgonga," alisema. "Ila siku nyingine ukitoa shauri, uliza kwanza ni nani atakayeamka usiku."

Tangu hapo nimeyafikiri sana mambo ya usiku ule wa pilau. Wale wageni wetu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wema, waliokuwa na hamu ya jambo moja zuri katika mji wao. Walijua kimo cha kijana, mbio zake, na mahali alipozaliwa. Lakini walikuwa wakiuchagua mwili usio wao, ufanye kazi ambayo maumivu yake hayatawafikia. Nami nilifanya vile vile jikoni, na kosa langu lilikuwa zito kuliko lao, maana wao hawakuwa na fomu ya kutiwa sahihi.

Msomaji atapenda kujua mabishano yaliishaje. Hayakwisha. Msimu wa 2018 Bears ilishinda michezo 12 kati ya 16, na ikawa timu iliyofungwa pointi chache kuliko zote 32. Mzee alitembea mtaani kama diwani aliyechaguliwa tena. Januari 2019 ikatolewa kwa pointi moja, 16 kwa 15, na timu ya Philadelphia. Mwezi Oktoba 2022 Roquan Smith, yule yule aliyemfanya Mzee asimame bila kushikwa, alihamishiwa Baltimore, na timu ikapata badala yake mchezaji mmoja pamoja na zamu mbili za kuchagua wachezaji wengine. Na mwezi Machi 2023 timu ikamchukua Tremaine Edmunds, baada ya mkataba wake wa Buffalo kumalizika. Shemeji aliniambia kwamba fundi umeme alikwenda kubisha hodi kwa Mzee usiku huo huo, akasimama mlangoni, hakusema kitu, akacheka tu.

Tusidhani kwamba hayo ni ya Marekani peke yake. Tarehe 5 Novemba, 2023 Simba ilipofungwa na Yanga mabao 5 kwa 1, kesho yake asubuhi nilipita mitaa ya Kariakoo nikiwa na haraka zangu. Kikundi cha watu kilikuwa kimesimama mbele ya duka la magazeti. Mtu mmoja, aliyevaa nadhifu, wa makamo, alikuwa akisema beki fulani apandishwe basi usiku ule ule arudishwe kwao, na asilipwe hata nauli. Watu waliitikia. Mimi ni mtu wa Simba, na uchungu nilikuwa nao. Nilikwisha kufungua kinywa ili niongeze langu, maana lilikuwapo. Hapo nikamkumbuka Dada akifunga bomba la maji, nikaenda zangu.

Sisemi watu waache kubishana. Ubishi wa mpira ni moja ya raha chache zisizo na kiingilio, na mzee anayebishana juu ya beki bado ana hamu ya kesho. Wala sisemi watoto wasicheze. Uamuzi huo ni wa kila nyumba, na nyumba yenye busara huufanya kwa kumsikiliza mwenye mwili na yule atakayemwuguza. Mimi mjomba, kabla ya kutoa neno langu, ningalimsikiliza Dada mpaka mwisho.

Mpwa wangu sasa ni mtu mzima. Nilimwuliza siku moja kama anamlaumu mama yake kwa kumkataza kurudi uwanjani, au ananilaumu mimi kwa kumwombea kuingia. Alisema bado anafikiri, na siku akipata jibu ataniambia. Mpaka leo hajaniambia. Lakini kila mwaka ifikapo Aprili hunitumia ujumbe, nao huwa ni ule ule: "Shikamoo Mjomba. Mwaka huu tunahitaji beki."

Nami humjibu kwanza marahaba, kisha humwuliza kama kichwa hakimwumi, ndipo tunapoanza kubishana.